Chembe ya Mchanga Inavyotuonyesha Maji

Kiangazi kinapokolea Handeni na mito ya msimu ikakauka, mama anayefukua mchanga wa korongo kutafuta maji hachimbi popote. Anautia kiganjani, anausugua, anasogea hatua chache, ndipo anaanza. Fundi wa Korogwe naye huusugua vivyo hivyo kabla ya kuchanganya zege. Wote wawili wanapima ukubwa wa chembe. Sayansi inachoongeza ni kipimo na ramani.

Kwa kipimo kilichopangwa na mwanajiolojia Chester Wentworth mwaka 1922, mchanga ni chembe za kuanzia milimita 0.063 hadi 2. Zikizidi hapo ni changarawe. Zikipungua ni tope.

Kilichoubeba mchanga ndicho kilichouchagua. Jangwani, upepo hushindwa na chembe kubwa na hupeperusha vumbi mbali, hivyo chembe za tuta moja la mchanga hukaribia kulingana. Ndivyo ulivyo mchanga mweusi unaohama karibu na Olduvai, ambao ni majivu ya volkano. Maji huchagua kwa namna yake. Mto Luengera unaposhuka kati ya Usambara Mashariki na Magharibi kuufuata Pangani, hutua mizigo mizito mwendo unapopungua na kwenda na tope mbele. Kwenye makorongo ya Handeni, mafuriko ya saa chache huacha chembe kubwa penye mkondo mkali, na laini pembezoni na kwenye kona za ndani.

Kuchora ramani ya ukubwa wa chembe za korongo si kazi ngumu. Vuta kamba toka ukingo hadi ukingo katika sehemu kadhaa za korongo, na kila baada ya hatua kumi chukua mchanga wa kina kilekile. Uanike ukauke, upime uzito, kisha uupitishe kwenye machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine, matundu yakipungua kwa nusu: milimita 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125 na 0.063. Pima kinachobaki katika kila chekeche. Tafuta ukubwa unaougawa uzito wote nusu kwa nusu, uuandike mahali pake kwenye karatasi, kisha unganisha namba zinazolingana kwa mistari.

Mistari hiyo inaonyesha maji yalipo. Mchanga mnene, yaani wa chembe kubwa, uliojaa maji unaweza kuachia takribani robo ya ujazo wake ndani ya kisima. Tope nalo limeshiba maji, lakini huyang'ang'ania na kuachia chini ya sehemu moja ya kumi.

Tatizo ni kwamba mchanga mnene, msafi, ndio pia unaotafutwa na malori ya ujenzi. Anayeuzoa anabeba tangi la maji la kijiji, hata kama korongo linaonekana kavu. Kwa hiyo naomba serikali za vijiji zichore ramani hii kabla ya kuruhusu uchimbaji, na ziirudie kila baada ya masika, kwa kuwa mafuriko huupanga mchanga upya. Penye chembe kubwa pabaki pa ndoo. Malori yaelekezwe kwingine.