Benki isiyotunza fedha: Ubongo wa marehemu na vita dhidi ya Ukimwi

MTU akisikia neno benki hufikiria fedha, foleni na karani aliyekaa nyuma ya kioo. Wengine hukumbuka benki ya damu, maana wamewahi kuombwa kuchangia hospitalini. Lakini ipo benki nyingine ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Ndani yake hakuna noti wala chupa za damu. Mna ubongo wa watu waliokufa wakiwa na virusi vya Ukimwi, na ambao walikubali wenyewe, wakiwa hai na wenye akili timamu, kwamba wakifa ubongo wao ukachunguzwe.

Mimi ni mwalimu wa biolojia mjini Rumonge, kusini mwa Burundi. Kila nifikapo kwenye somo la Ukimwi, wanafunzi huuliza kuhusu damu, ngono na dawa. Kuhusu ubongo hawaulizi, na vitabu navyo hupita hapo haraka. Kumbe hapo ndipo penye maswali ambayo wataalamu bado hawajayamaliza.

Virusi hufika kichwani mapema

Wengi tunajua kwamba virusi vya Ukimwi hushambulia chembe nyeupe za damu. Kisichojulikana sana ni kwamba havichelewi kufika kichwani. Watafiti waliowapima watu waliokuwa wameambukizwa karibuni nchini Thailand walitangaza mwaka 2012 kwamba walivikuta kwenye maji ya uti wa mgongo mapema kiasi cha siku ya 8 baada ya maambukizi.

Vikishaingia kwenye ubongo, hujificha hasa ndani ya chembe za ulinzi zinazoitwa maikroglia. Chembe hizo zikiambukizwa hutoa kemikali zinazoumiza neva zilizo jirani. Mtu huanza kusahau, huwa mzito wa kufikiri, vidole hupoteza wepesi na miguu huyumba. Kabla dawa za kupunguza makali hazijaenea, wapo walioishia kupoteza akili kabisa, na majirani wakasema wamerogwa.

Dawa zimepunguza sana hali hiyo mbaya. Hata hivyo, wapo wanaozimeza bila kukosa, damu yao ikipimwa virusi havionekani, lakini bado wanalalamika kwamba kumbukumbu imepungua. Kwa nini? Damu haiwezi kutoa jibu kamili, na hakuna daktari mwenye utu atakayemfungua kichwa mtu aliye hai ili apate kipande cha utafiti tu. Jibu linabaki kwa waliokwisha kufariki.

Jinsi kazi inavyofanyika

Mwaka 1998, taasisi za taifa za afya za Marekani zilianza kugharimia muungano wa benki za namna hii katika New York, Los Angeles, San Diego na jimbo la Texas. Ile ya New York, iliyo katika hospitali ya Mount Sinai, iliongozwa na Dk. Susan Morgello.

Kazi huanza mtu akiwa hai. Anaelezwa kila kitu, anatia saini, na familia yake inashirikishwa. Kisha anaitwa mara kwa mara kupimwa kumbukumbu, mwendo, wepesi wa mikono na damu. Hilo ni muhimu, kwa sababu ubongo usio na historia ya mwenyewe hausemi mengi. Mtafiti anataka kujua kama aliyekuwa akisahau ana tofauti gani na yule ambaye hakuwa akisahau. Ubongo wa watu wasio na virusi nao unahitajika, ili kulinganisha.

Akifariki, muda unahesabiwa kwa saa, kwani tishu huanza kuharibika mara moja. Mpasuo hufanywa nyuma ya kichwa, kwenye nywele, ili uso ubaki ulivyo na jamaa waweze kumuaga. Sehemu ya ubongo hugandishwa kwenye majokofu yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na nyingine huhifadhiwa kwenye dawa ya fomalini. Jina huondolewa na kuwekwa namba. Mwili hurudishwa kwa familia ukazikwe.

Tangu 2017, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina mpango ambao jina lake kwa Kiswahili ni Zawadi ya Mwisho. Watu wenye virusi ambao wana ugonjwa mwingine usiopona hujitolea miili yao, na uchunguzi hufanywa ndani ya saa 6 hivi baada ya kifo. Mwaka 2023 watafiti waliotumia ubongo wa watoaji hao walionyesha kwamba, hata kwa waliotumia dawa kwa miaka, maikroglia bado zilikuwa na virusi vyenye uwezo wa kuzaliana. Maana yake ni kwamba tiba itakayosafisha damu peke yake haitatosha.

Ubongo wa nani?

Ndugu msomaji, hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Virusi vya Ukimwi vina aina mbalimbali. Ulaya na Marekani aina iliyoenea ni B. Kwetu Burundi iliyoenea zaidi ni C, Rwanda na Kenya ni A, Uganda ni A na D. Kwa hiyo ubongo uliomo katika benki za Marekani, kwa sehemu kubwa sana, ni wa watu wenye aina ambayo si yetu.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Mwaka 2009 utafiti mdogo uliofanyika Kampala ulidokeza kwamba aina D huharibu akili zaidi kuliko A. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Kampala haukuona tofauti hiyo. Mabishano ya namna hii yangepungua kama ubongo wenyewe ungechunguzwe. India, ambako aina C ndiyo iliyoenea, wameshaanza. Taasisi ya taifa ya afya ya akili na neva mjini Bangalore, ambao sasa huitwa Bengaluru, ina benki ya ubongo tangu 1995, na imechunguza ubongo wa wagonjwa wa aina C.

Hofu yetu ina sababu

Nilipomweleza mzee mmoja wa mtaani kwetu habari hizi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimerudi nchini ili nizikwe hapa. Na nizikwe mzima."

Sikumbishia. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, nimesoma Tanzania, na nimeona katika makazi yetu jinsi msiba ulivyokuwa mzito mtu alipozikwa mbali na ardhi ya babu zake. Mzee aliyesubiri miaka zaidi ya 30 kurudi hawezi kuambiwa kirahisi kwamba sehemu ya mwili wake ibaki kwenye jokofu.

Tena ipo historia. Shuleni tulifundishwa habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyekufa 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mafuvu mengine zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi yakitoka Rwanda, yalibaki Berlin, na mwaka 2023 wataalamu wa huko walitangaza matokeo ya uchunguzi wa asili yake. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Lakini tofauti ni hiyo hiyo: kuombwa na kuchukuliwa. Benki ninayoieleza haina kazi bila ridhaa. Kwa hiyo siku wataalamu wakija kwetu na ombi hili, na tuwaulize. Je, anayetoa ataulizwa akiwa mzima, kwa lugha anayoielewa? Je, mkewe, mumewe na watoto watakuwepo? Je, viongozi wa dini watasikilizwa? Je, tishu zitachunguzwa hapa na vijana wetu, au zitapandishwa ndege? Je, atakayekataa ataendelea kupewa dawa zake kama kawaida?

Wakati tukisubiri, tusikae bure. Kipimo kifupi kilichotangazwa mwaka 2005, baada ya kujaribiwa Marekani na Kampala, kinaweza kufanywa na mhudumu wa afya kwa dakika chache. Mgonjwa anatajiwa maneno manne ayakumbuke, anagonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka, kisha anabadilisha mkono juu ya meza: ngumi, kiganja, ubavu. Alama ni 12. Akipata 10 au chini, achunguzwe zaidi. Hakihitaji kisomo kikubwa.

Basi, ukiwa na ndugu anayemeza dawa na ameanza kusahau miadi au kuangusha vikombe, usimcheke wala usimpeleke kwa mganga. Mpeleke kituo cha afya, na umweleze mhudumu ulichokiona nyumbani. Suala la benki tulijadili sasa, misikitini, makanisani na shuleni, kabla ombi halijatukuta msibani.