Kisu Hakimaliziwi Kwenye Jiwe

Ukitaka kujua kama watu wa nyumba fulani wana shida ya kisu, usiwaulize. Tazama kizingiti cha mlango wao, au ukingo wa kisima. Ukiona saruji imelika mifereji mifereji, basi hapo ndipo visu vyote vya nyumba vinapopelekwa kila mama anapotaka kukata nyama. Kisu chasuguliwa mara tano huku, mara tano kule, chakata kwa muda wa kupika chakula kimoja, na kesho charudishwa tena kizingitini. Baada ya miezi, kisu kilichokuwa na upana wa vidole viwili kimebaki kama mshipi wa samaki, nacho bado hakina makali.

Watu husema visu vya siku hizi ni vibovu. Vingine ni vibovu kweli, sibishi. Lakini vingi vyafa kwa kunolewa, si kwa kukata. Saruji na tupa hula chuma kingi kuliko inavyohitajiwa, tena haziimalizi kazi. Iko hatua ya mwisho ambayo vinyozi wa zamani waliijua sana, na mafundi viatu waijua hata leo, ila jikoni mwetu ni wachache waifanyao. Nayo ni kupitisha kisu juu ya ngozi.

Kwa nini ngozi? Makali ni mahali pande mbili za chuma zinapokutana. Unaponoa juu ya jiwe, chuma cha ukingoni kabisa hakitoki chote. Kiasi kidogo hujikunja upande wa pili na kufanya uzi mwembamba wa chuma. Kwa macho ni shida kuuona, lakini ukipitisha kidole polepole kutoka mgongoni mwa kisu kwenda nje, utausikia wakwaruza. Kisu chenye uzi huo huonekana kikali mara ya kwanza. Kisha uzi hulala au hukatika, na kisu ni butu tena, nawe warudi kizingitini. Ngozi huuondoa uzi huo na kuyalainisha makali, na chuma kinachopotea ni kidogo mno. Ndiyo sababu kisu kilichopitishwa juu ya ngozi kila baada ya siku chache chaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa na jiwe.

Mhubiri, katika sura ya 10, aya ya 10, atukumbusha kwamba mwenye chuma butu asiyekinoa hana budi kuongeza nguvu. Hapo ndipo penye hatari. Kisu kikali huingia mahali unapokiweka. Kisu butu husukumwa, huteleza juu ya ganda la chungwa, kikaingia katika kiganja cha mkono. Mama aliyekatwa kidole cha mkono wa kulia halimi, hasuki ukili, hafui. Na jeraha la kisu kichafu laweza kuleta pepopunda. Jeraha likiwa la kina, lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aende zahanati akadungwe sindano, asingoje mpaka limevimba.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni machungwa. Wilaya ya Muheza na vijiji vinavyoizunguka hupata fedha nyingi kwa machungwa, na vijana wengi sasa huotesha miche ya kuuza. Mche wa mlimau hukuzwa mpaka shina lipate unene wa penseli. Kisha gome lake huchanjwa kwa umbo la herufi T, likafunguliwa kidogo, na jicho lililokatwa kwenye mchungwa mzuri hupachikwa ndani na kufungwa kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, umepata mchungwa. Likifa, muda wako umepotea, na tena kile kijiti cha mchungwa ulichokitafuta mbali nacho kimepotea.

Sasa fikiri juu ya kisu. Jicho hilo lapasa kukatwa kwa mkato mmoja, laini, pasipo kulisaga. Kisu butu huponda nyama changa ya mti chini ya gome, na nyama iliyopondwa hufa na kuoza. Mahali palipo na mawimbi mawimbi hewa hubaki kati ya jicho na shina, visiweze kuungana. Mtu atasema dawa ni mbaya, au jua lilikuwa kali, au mkono wake hauna baraka. Huenda lilikuwa jua. Lakini kabla ya kulilaumu jua, ajaribu kisu chake juu ya karatasi ya gazeti (hata hili hili, ukiisha kulisoma). Kikiipasua karatasi na kuifanya manyoya manyoya, ndivyo kinavyolifanya jicho la mchungwa. Kwa kazi hii jiwe peke yake halitoshi, lazima ngozi.

Wagema nao wajua habari hii bila kufundishwa na mtu. Kotama ya mgema hukata kipande chembamba kabisa cha karara la mnazi, asubuhi na jioni, na ikiwa butu mnazi hautoi vizuri. Tembo lenyewe tuliache leo, padre asije akaniita ofisini.

Basi, ngozi hiyo yapatikana wapi? Ukitafuta ukanda maalumu wa kunolea madukani, huenda ukazunguka siku nzima. Afadhali uutengeneze. Nenda kwa fundi viatu, Ngamiani pale Tanga mjini au huko huko kijijini kwako, umwombe kipande cha ngozi ya soli chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 5. Au nunua mkanda wa suruali wa mitumba. Hapa uwe macho, maana mikanda mingi ni plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi. Tazama mahali ulipokatwa: ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi tangu juu mpaka chini, na ile ya bandia huonyesha kitambaa kilichobandikwa katikati. Ukiwa bado una mashaka, kata kipande kidogo mno ukichome. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua. Plastiki huyeyuka na kudondoka.

Wengine wataniuliza habari ya ngozi ya mbuzi wa Krismasi, ambayo mara nyingi hutupwa. Ngozi iliyokaushwa tu juani haifai sana. Ni ngumu kama ubao wakati wa kiangazi, na masika hulegea ikanuka. Lazima iive kwanza. Pwani yetu ina mti wa kazi hiyo, mkandaa, ambao magome yake huivisha ngozi na kuipa rangi nyekundu. Ila misitu ya mikoko inalindwa na serikali, nayo ndiyo mahali samaki na kamba wanapokulia, kwa hiyo usiende kuibandua miti kwa ajili ya ukanda mmoja. Mkanda wa mitumba watosha. (Na ukidhani kazi ya ngozi ni kazi duni kwa sababu ya harufu yake, kumbuka kwamba Mtume Petro alikaa siku nyingi kule Yafa nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kando ya bahari.)

Tafuta ubao ulionyooka, uliopigwa randa, mrefu kuliko ngozi kwa kadiri ya shubiri moja ili upate mahali pa kushika. Paka gundi ya viatu ubaoni na kwenye ngozi, ngoja ikauke kidogo, kisha bandika na kuweka jiwe zito juu yake usiku kucha. Misumari usitumie, maana kisu kitaigonga. Ukiwa na vipande viwili, kimoja kibandike na upande wenye nyuzinyuzi ukiwa juu, na cha pili, nyuma ya ubao, upande laini ukiwa juu. Vinyozi walikuwa wakiuning'iniza ukanda wao na kuuvuta kwa mkono, lakini wembe ni kitu kingine. Kwa kisu, ukanda unaolegea huyazungusha makali yakawa kama mgongo wa chaza. Ubao hauna shida hiyo.

Upande wenye nyuzinyuzi hupakwa kitu chenye kusaga kidogo. Dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba yafaa. Asiye nayo na achukue majivu ya pumba za mpunga, ambayo yana chenga kali sana ndani yake, ayapepete kwa kitambaa chembamba mpaka yawe kama poda, ayachanganye na mafuta ya ng'ombe kidogo, kisha ayasugue katika ngozi. Kidogo tu! Mafuta yakizidi kisu huteleza na hakifanyi kazi. Upande ulio laini uache vivyo hivyo.

Noa kwanza juu ya kinoo mpaka uusikie ule uzi. Kisha laza kisu juu ya ngozi, uinue mgongo wake kwa kadiri ile ile uliyoitumia juu ya jiwe. Kwa kisu cha jikoni cha sentimita 3 ni karibu sentimita moja. Sasa vuta kisu, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukikisukuma makali yakiwa mbele utaikata ngozi, na ukanda wako utakuwa umekwisha siku ile ile. Ukifika mwisho, geuza kisu kwa kukizungusha juu ya mgongo wake, urudi. Mara 10 au 15 kila upande yatosha, kwa mkono mwepesi kama mtu apakaye mafuta mtoto. Anayekandamiza huizamisha ngozi, nayo hupanda na kuyatia makali ubutu.

Kisu cha kubebeshea michungwa mara nyingi kina makali ya upande mmoja. Huo ndio unaopitishwa mara nyingi. Upande ulio bapa ulaze kabisa, mara mbili tatu tu. Kisha kifute kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mti, maana mafuta ya ngozi yatazuia jicho kushika, tena spiriti huzuia magonjwa yasihame mti kwa mti. Kotama kwa kuwa imepinda haitulii juu ya ubao. Izungushie ngozi mpini wa jembe uliokwisha tumika, upitishe hapo. Panga, shoka na jembe usijisumbue navyo. Jiwe lawatosha.

Jambo moja nalikataza kabisa: ukanda wa jikoni usitumike kwa wembe wa kunyolea. Ngozi haichemshwi. Damu ikiingia humo imeingia. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, tumeonywa juu ya kutumia wembe mmoja watu wengi, na ukanda mmoja wa nyembe nyingi hauna usalama zaidi. Kila mtu na wembe wake mpya.

Ukanda ukikusanya weusi, ukwangue taratibu kwa mgongo wa kisu na kuupaka dawa upya. Usiuache dirishani upigwe na upepo wa chumvi, wala sakafuni wakati wa masika, utaota ukungu. Tena utundike kwa waya, si kwa kamba, mbali na ukuta. Panya wa kwetu hupenda mno ngozi iliyopakwa mafuta ya ng'ombe.