Likasi: Kisanga nyumbani, Kiswahili mu njia, Kifaransa ku masomo

Mu Likasi, mutoto anaweza kupita mu lugha tatu mbele ya saa sita ya muchana. Nkambo anamwita kwa Kisanga, yeye anajibu kwa Kiswahili, na ku masomo anakuta Kifaransa ku tablo.

Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inapanga vingine. Mutoto afundishwe pia kwa lugha ya taifa ao lugha ya mazingira.  Lakini wazazi wengi wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza, juu ndicho kinaandikwa mu biro na ku diplome. Hofu yao inaeleweka. Tatizo ni kwamba mutoto anayefundishwa kwa lugha asiyoisikia anakariri bila kuelewa.

Lugha ya taifa huku ni Kiswahili. Mu karne ya 19, wachuuzi wa mashariki walifika nacho mpaka Bunkeya, kwa mwami Msiri. Kisha kazi ya shaba ikakieneza: Union Minière, iliyoundwa mu 1906, ilileta wafanyakazi wa Kasai, wa Ruanda-Urundi na wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Mu kambi moja, ilihitajika lugha ya kuelewana.

Hata hivyo, Kiswahili cha kitabu si kile cha njia. Mutoto anasema «bantu bengi», kitabu kinaandika «watu wengi». Mwalimu muzuri hamucheki; anamuvusha polepole toka kimoja mpaka kingine.

Na Kisanga, lugha ya udongo huu? Tuseme ya Ubelgiji, inchi iliyoleta Kifaransa Congo. Kwao, upande wa Eupen, watu karibu elfu 80 wako na Kijerumani. Watoto wao wanaanza masomo kwa Kijerumani, na Kifaransa wanajifunza mapema. Lugha moja haikufukuza ingine.

Yale maneno ya sheria, «ao lugha ya mazingira», yanafungulia Kisanga mulango wa masomo. Kuingia kunaomba vitabu na walimu. Ila kazi ingine haiombe feza: leo magaribi, nkambo akiita kwa Kisanga, mutoto afundishwe kujibu kwa Kisanga.