Kupelekeana Fedha kwa Simu

Leo tunazungumza juu ya kupelekeana fedha kwa simu, na hasa juu ya namna ya kuilinda fedha yako isichukuliwe na mwizi. Asiyesikia vizuri asihangaike. Somo limepigwa chapa, atalisoma polepole.

Zamani mtu wa Dar es Salaam akitaka kumpelekea mama yake fedha kijijini, alimpa dereva wa basi bahasha, au alikwenda posta. Bahasha nyingine hazikufika. Mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa katika Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaianzisha Tanzania. Makampuni mengine yakafuata. Siku hizi hata muuza mchicha hupokea fedha kwa simu. Jambo hili ni jema, lakini mwizi naye ameifuata fedha huko ilikokwenda.

Kwanza tufahamu fedha yenyewe iko wapi. Wengi hudhani imo ndani ya simu, kama noti zilivyo mfukoni. Sivyo. Unapompa wakala shilingi 20,000, kampuni huandika katika hesabu yako kwamba una shilingi 20,000, na fedha za wateja huwekwa benki. Simu yako ni mlango tu. Ndiyo maana simu ikitumbukia kisimani, fedha haizami nayo. Na ufunguo wa mlango huo ni namba yako ya siri.

Hapa shikeni jambo moja. Namba ya siri hutakiwa fedha inapotoka, au unapotazama salio lako. Fedha inapoingia haitaki namba ya siri. Basi mtu akikupigia na kusema, "Umeshinda zawadi, bonyeza namba yako ya siri uipokee," mtu huyo hakupi kitu. Anakuchukulia.

Sasa tuje kwenye kazi ya kusoma. Unapopeleka fedha, unaandika namba ya mpokeaji na kiasi cha fedha. Kabla fedha haijaondoka, simu hukuonyesha jina la mwenye namba ile. Wengi hulipita jina hilo mbio mbio, na huko ndiko fedha inakopotelea. Tuseme unampelekea Hamisi. Simu imeandika HAMIDA. Herufi nne za mwanzo ni zile zile: H, A, M, I. Anayesoma nusu ya neno ataridhika. Wewe soma mpaka herufi ya mwisho, kisha soma na jina la baba. Jina likiwa geni, usikubali. Futa, umpigie Hamisi, umwulize. Huenda laini yake imeandikishwa kwa jina la ndugu yake. Akikuambia hivyo kwa sauti yake unayoifahamu, endelea.

Kuna ujumbe mmoja ambao wengi wenu mmekwisha kuupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Haukutaja ni hela gani, wala ni ya nani. Kwa nini? Kwa sababu mwizi hakujui. Huwapelekea watu wengi sana ujumbe ule ule, akijua kwamba miongoni mwao yuko mzazi anayetaka kupeleka karo, na yuko mpangaji anayetaka kulipa kodi ya nyumba. Mzazi yule akisoma hudhani ni mwanawe aliyebadili namba. Anatuma. Mahindi ya msimu mzima yamekwenda kwa neno moja tu, "ile". Dawa yake ni kumpigia mwanao kwa namba yake ya zamani, si kwa hiyo mpya.

Hila ya pili ni ya uungwana, nayo huwanasa watu wema. Unapata ujumbe kwamba umepokea shilingi 50,000. Mara simu inalia, na mtu analia pia: "Mama, nimekosea namba, ni fedha za hospitali, nirudishie." Usirudishe kwa kuamini ujumbe. Ujumbe ni maandishi, na maandishi yeyote aweza kuyaandika. Fungua menyu ya fedha, utazame salio. Lisipoongezeka, hapana fedha iliyoingia. Na kama limeongezeka kweli? Hata hapo usirudishe kwa mkono wako. Mwambie kwa adabu, "Mwanangu, ipigie kampuni yako, nao waishughulikie." Ukimrudishia wewe, kisha akaiomba kampuni nayo irudishe, waweza kutozwa mara mbili. Kumwambia hivyo si roho mbaya.

Hila ya tatu ni ya mtu anayejidai kuwa anatoka kwenye kampuni. Katika Tanzania, makampuni ya simu huwapigia wateja wao kwa namba 100 tu. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kusema laini yako itafungwa, kata simu. Wala hata anayepiga kwa 100 hana haki ya kuuliza namba yako ya siri. Hapana mtu mwenye haki hiyo: si wakala, si karani, na niseme waziwazi ingawa wengine watanuna, si mjukuu wako. Wazee wengi humpa mtoto simu na namba ya siri pamoja, kwa kuwa hawajui kubonyeza. Ninyi mmekuja darasani ili mjue kubonyeza wenyewe.

Je, fedha ikiwa imekwisha kwenda pabaya? Hapo ni mbio. Usiufute ujumbe wa muamala, maana una namba ambayo kampuni huitaka. Piga 100 mara moja. Fedha ambayo haijatolewa kwa wakala huweza kuzuiwa, lakini ikitolewa, kuipata ni kazi ngumu. Kisha namba ya mwizi uipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, na kwa hasara yenyewe uende polisi. Pia bonyeza nyota 106 reli, uone laini zote zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoifahamu, nenda ukaifungishe.

Sasa mwalimu afungue dirisha, kila mtu atoe simu yake na kumpa jirani mgongo. Fungueni menyu, someni kila neno mpaka mfike palipoandikwa salio. Wakati wa kuandika namba ya siri, funikeni kwa kiganja. Asiyepata, amwite mwalimu asome naye maneno yale, lakini namba aiandike mwenyewe. Kwaherini.