Kovu la Kwanza, Kisu cha Pili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi uchungu uliokwama unavyomfikisha mama kwenye chumba cha upasuaji usiku wa manane, bila maandalizi. Leo tumfuate mama wa namna hiyo akiwa na mimba nyingine, na daktari amekwisha kumwambia kwamba safari hii pia atapasuliwa.

Kinachomliza mara nyingi ni kumbukumbu: taa kali, harufu ya dawa, watu wakifokeana juu yake pasipo hata mmoja kumwambia kama mtoto yu hai. Tafiti zinakadiria kwamba wanawake wapatao 4 katika kila 100 hubaki na ugonjwa wa kiwewe baada ya kujifungua, na waliopasuliwa kwa dharura wamo hatarini zaidi. Huota ndoto za kutisha, hushtuka ovyo, huahirisha kliniki. Juu ya hayo huja maneno ya mawifi, kwamba huyu hakuzaa, alizaliwa mtoto na kisu.

Wanaoamini kwamba kupasuliwa ni udhaifu wa wanawake wa siku hizi wasome habari za Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia, mahali paitwapo Kahura, mganga akimpasua mama aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi. Pombe hiyo hiyo iliosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Jeraha lilibanwa kwa vijiti vya chuma, na siku ya 11 lilikuwa limepona.

Je, aliyepasuliwa mara moja lazima apasuliwe tena? Daktari Edwin Cragin wa New York alisema hivyo mwaka 1916, na kwa wakati wake alikuwa na sababu: mfuko wa uzazi ulikatwa wima, sehemu ile inayojikaza wakati wa uchungu. Miaka ya 1920 daktari Munro Kerr wa Glasgow alitetea mkato wa mlalo, chini, na hesabu ikabadilika. Mama mwenye kovu moja la mlalo akijaribu njia ya kawaida, hatari ya mfuko kuchanika ni kama 1 kati ya 200. Wengi wa wanaojaribu hufanikiwa.

Lakini wapo ambao kwao kujaribu ni kucheza na roho: mwenye mkato wa wima, aliyewahi kuchanika mfuko, ambaye kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi. Aliyetibiwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, naye hushauriwa kupasuliwa, kwani mtoto akipita njia ile mshono unaweza kufumuka. Na kovu la ngozi lisimdanganye mtu. Juu linaweza kuwa mlalo na ndani ni wima. Jibu limo katika taarifa ya upasuaji, na mama ana haki ya kuiomba na kusomewa.

Kusomewa huko ni nusu ya tiba. Mama anayeelewa kwa nini alipasuliwa mara ya kwanza huacha kujilaumu kwamba hakusukuma vya kutosha. Upasuaji uliopangwa, kwa kawaida kwenye wiki ya 39 ikiwa hakuna tatizo jingine, hauna zile mbio. Mama hudungwa sindano ya mgongo, hubaki macho, husikia mtoto akilia. Aseme mapema anachokiogopa na anachokitaka: kwamba aelezwe kila hatua, kwamba mtoto awekwe kifuani mara moja hali ikiruhusu. Muuguzi mwema hatakereka. Ndoto mbaya zisipokoma, aombe kuonana na mshauri wa afya ya akili kabla ya tarehe kufika.

Tusifiche kwamba kila kovu jipya huongeza hatari ya kondo kujichimbia kwenye mimba zijazo. Kwa hiyo idadi ya watoto ijadiliwe na mume nyumbani, kwa utulivu. Karatasi ya kufunga kizazi haifai kusainiwa mama akiwa kitandani amelegea kwa maumivu.

Jambo la mwisho kwa leo ni la haraka. Tarehe haijafika na uchungu umeanza, au chupa imepasuka, au damu inatoka? Usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kadi ya kliniki mkononi.