Kabla ya kununua runinga, uliza taa iko wapi

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwezi uliopita walivunja kikoba, na asubuhi yake akanigongea mlango: "Mwalimu, nisindikize mjini. Ile runinga ya chogo nimeichoka." Tukapanda daladala.

Dukani tulikuta runinga zaidi ya ishirini zimepangwa ukutani, zote zikionyesha kasuku mmoja mwenye rangi za kuumiza macho. Kijana muuzaji akaanza kutaja herufi kama anayekariri: "Mama, hii LED, hii QLED, ile kule juu OLED. Hii hapa UHD." Jirani akauliza zinatofautiana nini. "Bei, mama," akajibu kijana, na kusema kweli hakudanganya sana.

Ukiziweka kando herufi hizo, swali la kuuliza ni moja: mwanga unaofika machoni mwako unatoka wapi? Mtu wa Mwaloni ni rahisi kumweleza jambo hili. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama Capri Point utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni balbu za betri na sola. Kila taa inajitegemea. Mvuvi akizima yake, pale ilipokuwa panabaki giza totoro, ingawa ya jirani yake inaendelea kuwaka. Hiyo ndiyo OLED: mamilioni ya vitone, kila kimoja kinawaka chenyewe na kuzimika chenyewe. Msingi wake uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke waliokuwa wakifanya kazi Kodak, waliochapisha matokeo yao mwaka 1987.

Zilizobaki karibu zote ukutani pale ni kama nyumba yenye taa kubwa ndani na madirisha yasiyo na idadi. Taa haizimwi, kinachofunguka na kufungika ni mapazia. Mapazia yenyewe ni fuwele zilizo katika hali ya kimiminika, zilizobanwa kati ya vioo viwili. Zikipata umeme hugeuka, na kadiri zinavyogeuka ndivyo zinavyopitisha au kuzuia mwanga. Mbele yake kuna vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu. Hiyo ni LCD. Mwanzoni taa yake ya nyuma ilikuwa mirija myembamba yenye zebaki, mfano wa tubulaiti. Baadaye mirija ikaondolewa, zikawekwa taa ndogo za LED, na boksi likabadilishwa jina. Kwa hiyo runinga iitwayo LED ni LCD ileile iliyobadilishiwa taa. Na kwa kuwa hakuna pazia linaloziba kabisa, filamu ya usiku kwenye runinga hizi huwa na weusi wa kijivujivu, hasa pembeni.

QLED nayo ni LCD. Kilichoongezwa ni utando wenye chembe ndogo mno ambazo hutoa rangi kulingana na ukubwa wake: kubwa kidogo hutoa nyekundu, ndogo zaidi kijani. Sayansi yake ni ya heshima, na mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa sababu ya chembe hizo. Rangi huwa safi kweli. Lakini taa bado iko nyuma na mapazia bado yapo. Q na O zinatofautiana mkia tu, na mnunuzi aliyesahau miwani nyumbani anaweza kulipia moja akidhani ni nyingine.

Je, OLED ndiyo bora? Kwa picha, gizani, ndiyo. Kwa nyumba nyingi za Mwanza, nina mashaka. Sebule zetu mchana mlango uko wazi, pazia limefungwa fundo, na mwanga wa jua, pengine ukiongezewa na mng'ao wa ziwa, unaingia mpaka ndani. Weusi mzuri wa OLED hauna faida kioo kinapoakisi dirisha, na LED yenye taa kali hushinda hapo. Tena vitone vya OLED huchakaa kwa kutumika. Nyumba ambayo runinga inawashwa alfajiri na kuzimwa watu wakienda kulala, kituo kilekile, nembo ileile kwenye kona ileile, baada ya miaka inaweza kubaki na kivuli cha nembo hiyo hata kituo kikibadilishwa. Mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira ndiye asiiguse kabisa: ubao wa magoli utajichora hapo.

Na kwa kuwa nimetaja kibanda umiza, ambako wengine hutazama kutoka pembeni, liko jambo jingine ambalo boksi halisemi. LCD zina aina mbili kubwa za mpangilio wa fuwele, ambazo mafundi huziita IPS na VA. VA hufunga pazia vizuri zaidi, kwa hiyo weusi wake ni mzito, lakini ukikaa pembeni rangi hupauka. IPS weusi wake ni hafifu, ila aliyebanwa ukutani kushoto anaona karibu sawa na aliyekaa katikati. Sebule yenye watoto sita na wageni wa mechi ya Simba na Yanga inahitaji ya pili. Huhitaji kipimo kuzitofautisha. Tembea dukani kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na uangalie sura ya mtu, siyo kasuku.

Ukubwa wa picha na wingi wa vitone ndipo pesa nyingi hupotea. Jicho zima, la mtu asiye na tatizo, hutofautisha vitu viwili vilivyo umbali wa mita tatu ikiwa nafasi kati yake inakaribia milimita 0.9. Sasa piga hesabu. Runinga ya inchi 43 ya vitone 1,920 kwa upana, kioo chake kina upana wa kama sentimita 95, maana yake kila kitone ni nusu milimita. Hata ya inchi 55 yenye vitone hivyohivyo, kila kimoja ni kama milimita 0.63. Kutoka kwenye kochi lililo mita tatu, tayari jicho lako haliwezi kuvitenganisha. Ukiongeza vitone mara nne, ambayo ndiyo maana ya UHD au 4K, unaongeza kitu ambacho kutoka hapo huwezi kukiona. Sebule ya chumba cha kupanga Igoma au Buzuruga ikizidi mita tatu na nusu ni bahati. Afadhali uangalie kama runinga ina king'amuzi cha ndani, kile kilichoandikwa DVB-T2. Mwanza ilizimiwa mitambo ya analojia Februari 2013, na tangu hapo runinga isiyo na king'amuzi, cha ndani au cha pembeni, haipati kituo cha antena.

Tukiwa bado dukani, jirani akaniuliza alichokuwa nacho moyoni siku nyingi: "Hizi mpya haziharibu macho ya watoto?"

Hofu hii ina historia. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ililazimika kuzishughulikia runinga zake za rangi zilizokuwa zikivujisha mionzi ya eksirei kupita kiwango. Zilikuwa runinga za chogo, na chogo hufanya kazi kwa kurusha elektroni kwa nguvu ya maelfu ya volti hadi zigonge kioo cha mbele. Kasoro ile ilirekebishwa na sheria ikatungwa mwaka uliofuata, lakini onyo la "usikae karibu na TV" likabaki na kusafiri dunia nzima. Kioo bapa hakina elektroni za kurushwa, kwa hiyo hakitoi eksirei. Mtoto anayeng'ang'ania kukaa karibu na kioo huenda hajaharibiwa macho na runinga; huenda haoni mbali tangu awali, na kukaa karibu ni dalili. Mpeleke kliniki ya macho, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, apimwe.

Hofu ya mwanga wa bluu wa vioo hivi nayo imefanywa biashara. Kiasi kinachotoka kwenye runinga ni kidogo mno ukilinganisha na anga la mchana. Mapitio ya tafiti ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2023 yaliona kuwa miwani ya kuzuia mwanga huo pengine haipunguzi uchovu wa macho. Kinachochosha ni kukodoa: mtu akitazama kioo husahau kupepesa, machozi yanakauka, macho yanawasha. Kinachochosha pia ni runinga kali kwenye chumba chenye giza, kwa sababu jicho linahangaika kati ya mwanga na giza. Washa balbu ndogo nyuma au kando ya runinga. Mwanga mkali usiku pia huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kwa watoto wadogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauhimizi kioo kabisa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne unataka isizidi saa moja kwa siku. Hapo aina ya kioo haijalishi.

Ndipo nikamwambia jirani amwombe kijana rimoti. Runinga za dukani huwekwa kwenye hali ya maonyesho, ile iitwayo "Vivid" au jina la kufanana, ili zishindane na taa za duka na runinga ya pembeni. Watu wengi huzipeleka nyumbani hivyohivyo na kuziacha miaka. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta palipoandikwa "Backlight", ushushe hadi nusu. Tahadhari: kwenye runinga nyingi panapoandikwa "Brightness" si taa. Hapo panabadilisha kiwango cha weusi tu, na ukipashusha unapata picha ya matope huku taa ya nyuma ikiendelea kuunguza.

Kijana alisema hajawahi kuombwa hivyo. Akashusha, na kasuku akawa kasuku wa kawaida.

Mpangilio huo wa taa ya nyuma ndio ningeupigia debe kuliko herufi zote za boksi. Macho yanapumzika. LUKU pia: sehemu kubwa ya umeme wa runinga ya LED huliwa na taa za nyuma. Ya inchi 43 inayokula wati 70, ukiiwasha saa sita kila siku, kwa mwezi ni kama uniti 12.6. Ya inchi 55 ya wati 130 inafika uniti 23.4, na kwa mteja mdogo wa nyumbani anayetakiwa asizidi uniti 75 ili abaki kwenye bei nafuu, hiyo ni karibu theluthi ya posho yake ya mwezi. Na umri wa runinga yenyewe: taa za nyuma zimefungwa kwa mfululizo, mkanda mmoja, kwa hiyo ikiungua moja mara nyingi mkanda wote huzimika. Hapo ndipo mtu anasema "sauti ipo, picha hakuna" na kutupa runinga nzima. Kabla hujatupa, zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima, zimekufa taa, na fundi huzibadilisha. Picha ikigeuka ya bluu au zambarau nayo ni taa: LED nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na unga huo huungua kwa joto. Kioo kikipasuka, hapo sahau, kwa sababu bei yake inakaribia runinga mpya.

Sisi wa kando ya ziwa tuna maadui wawili zaidi. Radi: bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na juu ya ziwa ngurumo nyingi ni za usiku, runinga ikiwa imechomekwa. Chomoa, na antena pia. Kile kidude cha kulinda umeme husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini hakizuii radi iliyopiga karibu. Wa pili ni vile vijidudu vya ziwani vinavyoibuka kama moshi mwezi ukiwa mchanga. Vinafuata mwanga, vinaingia kwenye matundu ya nyuma, na mijusi inavifuata. Funga dirisha au zima runinga jioni hiyo.

Jirani alitembea kutoka kushoto hadi kulia mbele ya tatu alizozipenda, akasimama mlangoni, akarudi. Akachukua ya inchi 43, LED ya kawaida, pamoja na kidude cha kulinda umeme. OLED hakuigeukia tena.

Jioni nikapita kumwona. Runinga mpya ilikuwa imekaa juu ya chogo, kama wengi wanavyofanya, na mjukuu wake wa miaka mitatu anavuta waya. Runinga bapa ni nyepesi, mtoto anaiangusha kwa mkono mmoja, na hatari hiyo naiogopa kuliko mwanga wowote. Tulimwita fundi, akaifunga ukutani. Chogo nikamsihi asiwape watoto walipasue, maana kioo chake kina madini ya risasi na ndani huweza kubaki chaji ya umeme hata baada ya kuchomolewa. Akalitoa uani, akalifunika kwa gunia la dagaa. Kuku ameanza kutagia nyuma yake.