Voi: Wakazi Walipoulizwa Habari za Mtaa Wao



Ukitoka Moshi kwa barabara, ukavuka mpaka hapo Holili na kuipita Taveta, safari yako katika nchi jirani ya Kenya itakufikisha Voi, mji mdogo ulio kwenye njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Wapiganaji wanaosoma historia ya vita watalikumbuka jina hilo. Ni kutoka Voi ambako Waingereza, mwaka 1915 na 1916, walitandaza reli kuelekea Taveta na Kahe ili wapitishe majeshi yao dhidi ya Wajerumani. Leo tunautaja mji huo kwa sababu nyingine kabisa. Upo Voi mtaa uitwao Tanzania-Bondeni, na mtaa huo umeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa mipango miji kwa kuwa wakazi wake, ambao walikuwa watu wa kipato kidogo wasio na hati yoyote, waliulizwa jinsi makazi yao yanavyofaa kupangwa, nao wakajibu, na majibu yao yakafuatwa.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini hebu tutazame jinsi mpango wa mji unavyotungwa kwa desturi. Wapima huja na kupiga bikoni, mchoraji huchora, mkubwa hutia sahihi, kisha ramani hufungiwa kabatini. Mji nao hauingoji ramani. Watu huja kutafuta kazi, hupanga chumba, hujenga vibanda vya miti na udongo karibu na reli au stendi, huoa na kuzaa. Baada ya miaka ishirini ramani ingali inaonyesha uwanja wa wazi, na hali mahali penyewe pana msikiti, kanisa, mashine ya kusaga na mamia ya nyumba. Ndipo hutoka amri kwamba ardhi ifanywe ifanane na karatasi. Anayetumwa kuitekeleza amri hiyo si yule aliyechora ramani. Hutumwa askari, akakutana ana kwa ana na mama aliyebeba godoro kichwani.

Kenya imeyaona hayo. Mwezi wa Mei mwaka 1990, vibanda vya Muoroto katika jiji la Nairobi vilibomolewa, yakazuka mapambano makali kati ya wananchi na askari, na malalamiko yake yalisikika nchi nzima. Katika siku hizohizo, huko Voi, njia nyingine ilikuwa inaanza kujaribiwa.

Mtaa wa Tanzania-Bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na watu zaidi ya 4,000. Ardhi waliyoikalia haikuwa yao. Sehemu ilikuwa ya Serikali, sehemu ya shirika la reli, na sehemu ya kampuni ya mashamba ya mkonge. Serikali ya Kenya, ikisaidiana na Wajerumani katika mradi wa kuendeleza miji midogo, iliamua kwamba watu hao wasihamishwe bali mtaa urekebishwe wakiwa humohumo. Wakazi waliunda kamati yao, mashauriano yakafanywa na wenye ardhi, na mikutano ikaitishwa mara nyingi.

Katika mikutano hiyo swali kubwa halikuwa barabara ipite wapi. Lilikuwa hili: ardhi ikishapatikana, iwe ya nani? Wakazi waliwekewa njia tatu. Ya kwanza, kila mtu apewe hati yake binafsi. Ya pili, waunde chama cha ushirika. Ya tatu, ardhi yote iwe amana ya wakazi chini ya wadhamini, na mtu binafsi amiliki nyumba tu iliyo juu yake; akitaka kuhama, atauza nyumba, lakini ardhi itabaki ya wote.

Mtu wa mbali angedhani kwamba maskini atakimbilia hati yake mwenyewe. Wakazi wa Tanzania-Bondeni walichagua njia ya tatu. Walijua, kwa kuyaona kwingineko, yanayotokea hati zinapogawiwa katika mtaa wa wanyonge: mgonjwa anauza kiwanja ili apate dawa, mwenye karo ya mtoto anauza, tajiri wa mjini ananunua vyote, na wale waliokusudiwa kusaidiwa wanakwenda kuanza kibanda kingine mahali pengine. Hakuna mchoraji ambaye angeliona hilo kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka hewani. Lilijulikana kwa kuwauliza wenyewe.

Nyumba zenyewe pia zilikuwa na tatizo. Kanuni za ujenzi zilizoachwa na wakoloni zilidai vifaa ambavyo mfanyakazi wa shamba la mkonge hawezi kuvinunua hata kwa mshahara wa miaka mingi. Mwaka 1995 Kenya ilizirekebisha kanuni hizo, zikaruhusu vifaa nafuu kama matofali ya udongo, ilimradi nyumba iwe imara na salama. Mpango unaomtaka mtu ajenge nyumba asiyoiweza ni sawa na amri ya kumfukuza, ingawa umeandikwa kwa maneno laini.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Sheria za Kenya za wakati ule hazikuijua ardhi ya amana ya namna hiyo, hivyo ikabidi kuunganisha chama cha wakazi na bodi ya wadhamini chini ya sheria mbalimbali. Karatasi zikawa nyingi, hati zikachelewa, na watu wakachoka kungoja. Miji mingine ilitazama ugumu huo ikasita kuiga. Ni kasoro kubwa, kwani mkazi aliyeitwa mkutanoni mara kumi bila kuona hati hatakuja mara ya kumi na moja.

Swali hili limerudi upya kwa sababu Voi yenyewe imebadilika. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa na kuweka kituo hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji umepita watu 50,000. Lakini hauwezi kutanuka upendavyo, kwa kuwa upande mmoja umepakana na hifadhi ya Tsavo Mashariki yenye ndovu wake, na upande mwingine pana mashamba ya mkonge na ranchi. Mji uliobanwa hivyo hauna budi kuupitia upya mpango wake mara kwa mara, na kila mstari unaochorwa unamgusa mtu aliyekwisha jenga.

Sheria sasa ziko wazi kuliko zamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya ushiriki wa wananchi kuwa moja ya misingi ya utawala. Sheria ya miji ya mwaka 2011 inawapa wakazi mabaraza ya kujadili mambo ya mji wao, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka rasimu ya mpango itangazwe ili watu watoe maoni na pingamizi. Tangazo hutolewa katika gazeti la Serikali na magazeti mengine. Lakini muuza mkaa wa Voi hasomi gazeti la Serikali. Asipopigiwa mbiu sokoni, wala rasimu isipobandikwa mahali anapopita na kuelezwa kwa Kiswahili, sheria itakuwa imetimizwa naye asijue.

Kwa askari wa nchi hiyo, marekebisho ya sheria ya ardhi ya mwaka 2016 yana uzito wa pekee. Wanaokalia ardhi bila idhini lazima wapewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Wanaofanya kazi hiyo lazima wajitambulishe na kuonyesha idhini, maofisa wa Serikali wawepo, nguvu isitumike kupita kiasi, na wananchi wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vifaa vyao.

Limebaki kundi moja ambalo hata Tanzania-Bondeni haikupata jibu rahisi kulihusu, nalo ni wapangaji. Mkutano unapoitwa, mwenye nyumba husimama na kusema, naye mpangaji hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa ahame. Mtaa ukipata maji na barabara, kodi hupanda, na wa kwanza kuondoka ni yeye. Wapangaji ni wengi katika kila mji mdogo, wakiwamo askari wasio na nyumba kambini, na mpaka sasa si mara nyingi anayeitisha mkutano huuliza ni wangapi kati yao waliohudhuria.